Udongo au mchanga: kuchagua tangi la uduvi katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Kwa Kiswahili, viumbe wa mito na maziwa huitwa viumbe wa maji baridi ili kuwatofautisha na wale wa maji chumvi, na kwa mkazi wa Dar es Salaam jina hilo halina uzito wowote, kwa kuwa maji ya bombani kwake ni vuguvugu karibu mwaka mzima. Kwa mkazi wa Uyole, Mafinga au Njombe, jina hilo ni la kweli kwa maana zote mbili. Kwa hiyo anayetaka kuweka sebuleni tangi dogo la kioo lenye mimea, akafuga ndani yake uduvi wekundu wa mapambo, hawezi kuchukua maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za joto akayafuata neno kwa neno. Makala haya yanalinganisha njia mbili za kuandaa tangi hilo. Ya kwanza ni tangi la udongo, ambalo chini lina udongo wa kawaida uliofunikwa kwa mchanga na ambalo maji yake husafishwa na mimea yenyewe, bila pampu. Ya pili ni tangi la mchanga mtupu, ambalo maji yake husafishwa na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa.

Uduvi wanaozungumziwa hapa ni Neocaridina davidi, wenye asili ya mashariki ya China na Taiwan, ambao wafugaji wamewachagua kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata rangi nyekundu, njano na buluu. Jike hufikia sentimita 3 hivi, huishi mwaka 1 hadi 2, na hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya mkia kwa muda wa wiki 3 hadi 4, muda unaorefuka maji yanapokuwa ya baridi. Wapo jamaa zao wa jenasi ya Caridina, wenye mistari myekundu na myeupe ya kuvutia sana, lakini hao hutaka maji laini yenye asidi kidogo na hawasamehi makosa. Anayeanza awaache kwanza. Wapo pia wanaofikiria kuokota uduvi Ziwa Nyasa. Ziwa hilo liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake ya juu ni ya joto, hivyo kumtoa uduvi huko na kumpandisha Mbeya mjini, penye mita 1,700 hivi, ni kumhamisha kutoka Kyela ya Desemba kwenda Mbeya ya Julai kwa siku moja.

Ndoo ya Julai

Kabla ya kununua chochote, jaza ndoo ya lita 20 maji, iweke mahali hasa ambapo tangi litakaa, na kwa wiki nzima ya kipupwe pima joto lake kila siku saa 12 alfajiri. Kipimajoto chochote cha maji kinatosha. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloamua kati ya udongo na mchanga kuliko hoja nyingine zote ambazo watu hubishania.

Neocaridina hustawi kati ya nyuzi 20 na 24 za Selsiasi, na huvumilia vizuri kushuka hadi 16 au 17, ingawa hapo huacha kuzaa, hula kidogo na kutembea polepole. Chini ya 14 hawafi papo hapo, lakini wanaishi kwa kuvumilia tu, na bakteria wanaosafisha maji nao hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Katika nyumba ya tofali yenye dari, katikati ya Iringa, ndoo inaweza kubaki ndani ya mipaka ya uvumilivu usiku kucha. Katika nyumba isiyo na dari kule Makete, ambako Julai baridi huganda juu ya majani asubuhi, hali ni nyingine kabisa.

Ndoo ikisoma 16 au zaidi alfajiri, hita si ya lazima, na tangi la udongo lisilotumia umeme linakuwa na maana kubwa. Ndoo ikisoma chini ya 14, utahitaji hita upende usipende, na ukishahitaji hita umeshauhitaji umeme wa saa 24. Hapo faida kuu ya tangi la udongo, yaani kutotegemea umeme, imeshaondoka, na huna sababu ya kubeba taabu zake. Waliopo katikati, kati ya 14 na 16, waendelee kusoma, maana kwao uamuzi hutegemea mambo yanayofuata.

Udongo na tabia zake

Njia ya udongo imeenezwa zaidi na mwanasayansi wa Marekani Diana Walstad, na msingi wake ni rahisi kueleza: mizizi hula kutoka udongoni, majani hunyonya amonia inayotokana na vinyesi na mabaki ya chakula, na hivyo mimea yenyewe inakuwa chujio. Unatandaza udongo wa kina cha sentimita 2 hadi 3, unaufunika kwa mchanga wa kina kama hicho, unapanda mimea mingi siku hiyohiyo (mingi kweli, si shina moja hapa na jingine kule), kisha unajaza maji polepole juu ya sahani ili yasichimbe.

Ugumu uko katika neno udongo. Nyanda za Juu Kusini zimejaliwa udongo mzuri, lakini uzuri wa shambani si uzuri wa ndani ya maji. Udongo mweusi wa volkano unaozunguka Tukuyu na mlima Rungwe una rutuba inayoonewa wivu, ila ni mwepesi mno. Ukiusumbua kidogo unapanda juu na kuyatia maji ukungu wa siku kadhaa, kwa hiyo unahitaji kufunikwa kwa mchanga mzito zaidi. Udongo mwekundu wa Iringa ni mzito, hutulia haraka na una chuma kingi, lakini una mboji kidogo. Ukiuchanganya nusu kwa nusu na udongo wa juu kutoka chini ya miti ya asili, hufanya kazi nzuri.

Udongo wa kuuogopa ni ule wa shamba la kahawa. Mashamba mengi ya Mbozi na Rungwe yamepuliziwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miaka mingi ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni, na shaba ikishaingia katika udongo haiozi wala haitoweki, bali hulimbikizana. Mimea inaweza isionyeshe dalili yoyote, lakini uduvi huuawa na shaba kidogo sana, kiasi ambacho samaki hakimsumbui. Udongo wa mashamba ya nyanya na viazi mviringo una hatari kama hiyo kwa sababu ya dawa za ukungu na wadudu, na udongo wenye samadi au mbolea ya chumvichumvi utatoa amonia kwa wingi. Chukua mahali ambapo unajua hapajawahi kupuliziwa dawa, na kama hujui historia ya eneo, usichukue.

Hata udongo salama hauingii ndani siku ya kwanza. Uloweke kwenye beseni, mwaga maji, anika juani mpaka ukauke, kisha rudia mara 3 au 4. Kazi hiyo huozesha na kuondoa sehemu kubwa ya vitu ambavyo vingegeuka amonia ndani ya tangi. Baada ya kulijaza, tangi la udongo lisitiwe uduvi kwa wiki 6 hadi 8. Ni muda mrefu, na wengi hushindwa hapo. Anayelianza Septemba, joto linapoanza kupanda, atakuwa na tangi lililokomaa muda mrefu kabla ya kipupwe kinachofuata. Anayelianza Juni atasubiri zaidi, kwa kuwa mimea na bakteria wote wamelala.

Atakayevumilia atapata tangi ambalo uduvi wachanga hulipenda kuliko lolote jingine, kwa sababu kila jani na kila jiwe limevikwa utando laini wa vijidudu na mwani, ambao ndio chakula chao cha kwanza. Katika tangi la aina hii nililisha mara 1 au 2 tu kwa wiki, tena kwa kipande cha mchicha kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Mchanga na utii wake

Tangi la mchanga halina mafumbo mengi. Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, sentimita 3 hivi, unatosha. Eneo la Iringa limekaa juu ya mawe ya graniti, na mchanga wa mito yake kwa kawaida haubadilishi maji. Lakini mchanga wowote ujaribiwe kwa siki kwanza, na ukichemka povu ujue una chokaa ndani yake. Mimea isiyotegemea mizizi hustawi hapa bila shida: Ceratophyllum, ambayo hunyonya chakula chake chote kutoka majini, na kuvumwani wa Java anayefungwa kwenye jiwe au gogo. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, hudumaa kwenye mchanga mtupu isipokuwa ichomekewe vidonge vya mbolea kwenye mizizi, na ukinunua vidonge hivyo soma maandishi yake uone kama vina shaba.

Sponji ndiyo moyo wa tangi hili. Bakteria hukaa ndani yake na kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea na ubadilishaji wa maji huiondoa. Uduvi hawawezi kunyonywa na chujio la sponji kama wanavyonyonywa na chujio la mota, tena hupanda juu yake kula uchafu mdogo ulionaswa. Wiki 4 hadi 6 za kulisubiri tangi likomae bado zinahitajika, na dalili ya kuwa tayari ni vipimo vya amonia na nitriti kusoma sifuri. Baada ya hapo kazi ni kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, na kuikamua sponji mara moja kwa mwezi ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini huua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo.

Udongo ukikosewa, hausahihishiki bila kubomoa tangi zima. Mchanga ukikosewa, unabadilisha maji, unafyonza uchafu kwa mpira, unaendelea. Kwa mtu ambaye hajawahi kufuga kitu majini, tofauti hiyo moja ina uzito kuliko uzuri wa mimea.

Umeme ukikatika

Tuchukue tangi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ambalo likijaa ni lita 36, na ambalo fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 5 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka saa zote hutumia yuniti 2 hivi kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 8 kila siku hutumia yuniti 2 na nusu hivi. Hita ya wati 50, ikiwaka nusu ya muda tu katika miezi ya baridi, hutumia yuniti 18. Inaonekana wazi ni kifaa kipi kinachokula pesa.

Umeme ukikatika usiku, tangi la udongo lisilo na hita halijui kuwa umekatika. Tangi la mchanga lisilo na hita linaweza kukaa saa kadhaa bila madhara makubwa, mradi uduvi ni wachache na mimea ipo, ingawa bakteria wa ndani ya sponji huanza kukosa oksijeni kabla ya uduvi wenyewe. Lenye taabu ni tangi lenye hita, kwa sababu maji yaliyozoea nyuzi 25 yataporomoka kuelekea joto la chumba, na lita 36 hupoa upesi. Kwa hiyo anayetumia hita asiipangie 25 wala 24. Aipangie 20, ili maji yakiporomoka yasiporomoke mbali. Bamba la stairofomu nyuma na pembeni mwa tangi hupunguza upotevu wa joto katika matangi yote mawili. Hita kubwa ya wati 200 kwenye tangi dogo isinunuliwe hata ikiwa ya bei nafuu, kwani kidhibiti chake kikiganda katika hali ya kuwaka utaamka na supu ya uduvi.

Kuna swali ambalo huulizwa kuhusu mwinuko. Mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 18 hivi, na maji ya nyuzi 20 ambayo pwani yangebeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba 7.5 hivi. Kiasi hicho kinawatosha uduvi kabisa, na ubaridi wenyewe husaidia, kwa kuwa maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi. Mwinuko peke yake si sababu ya kununua pampu.

Hewa ya chumbani na wavu wa juu

Pampu ya hewa husukuma majini hewa ileile iliyomo chumbani, pamoja na kila kilichomo ndani yake. Pareto inayolimwa Makete, Njombe na Mufindi hutoa sumu inayoua wadudu haraka, na uduvi, ambao ni jamaa wa karibu wa wadudu kwa maumbile, huuawa nayo kwa kiwango kidogo mno. Dawa za kunyunyizia mbu na nyingi za zile za kuchoma zina sumu hiyo au zile zilizotengenezwa kwa kuiga kemia yake. Katika nyumba ambayo dawa hupuliziwa kila jioni, tangi la pampu liko hatarini kuliko tangi la udongo lenye kifuniko cha kioo, na huo ni upande mmoja ambao udongo unashinda bila ubishi.

Lakini tangi la udongo, kwa kuwa maji yake yametulia, huwavutia mbu kutaga, na uduvi si wawindaji wa kuwategemea kumaliza viluwiluwi. Mimi nililitatua tatizo hilo kwa kukata kipande cha chandarua kuukuu na kukifunga juu ya tangi. Kilikuwa chandarua chenye dawa. Matone yaliyoganda kwenye wavu yalidondoka majini usiku, na kufikia kesho yake jioni sikuwa na uduvi hata mmoja aliyesimama. Tumia kioo au wavu wa dirishani usio na dawa.

Maji yenyewe

Hapa matangi mawili yanakaribiana, kwa hiyo nitapita upesi. Maji ya bomba yaachwe kwenye ndoo wazi siku 1 au 2 ili klorini ipotee. Maji ya mvua na ya chemchemi nyingi za milimani ni laini, sabuni hutoa povu ndani yake papo hapo, na ulaini huo unawafurahisha wafuaji lakini si Neocaridina, ambao wanahitaji ugumu wa miligramu 100 hadi 150 kwa lita ili waweze kujivua gamba (kwa maana yake halisi, si ile ya majukwaani). Akikosa madini, uduvi hukwama katikati ya kujivua, na huonekana na mstari mweupe nyuma ya kichwa kabla ya kufa. Vipande vichache vya mawe ya chokaa, kama yale ya Songwe yanayotengenezewa saruji, au maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa, huongeza madini taratibu. Tangi la udongo lina mwelekeo wa kushusha pH (yaani kuyafanya maji yawe na asidi zaidi) na kula madini hayo, kwa hiyo linahitaji mawe zaidi ya tangi la mchanga. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangini. Kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai kinatosha kurekebisha ndoo.

Nani achague lipi

Kwa anayeishi Njombe, Makete, au pembezoni mwa Mbeya katika nyumba isiyo na dari, nashauri mchanga, chujio la sponji na hita ya wati 50 iliyopangiwa nyuzi 20. Kwa anayeishi Iringa mjini, au Mbeya katika nyumba iliyofungwa vizuri, anayejua historia ya udongo wake na asiye na haraka, tangi la udongo litampa uduvi wengi zaidi kwa kazi ndogo zaidi, hasa likiwekwa karibu na dirisha linalotazama kaskazini, upande ambao jua hupita miezi ya Juni na Julai. Walio katikati, ambao ndoo yao ilisoma 14 au 15, waanze na mchanga, waweke stairofomu, na wapande Ceratophyllum nyingi kana kwamba hakuna chujio. Wakipenda, mwaka wa pili waweke kibakuli cha udongo ndani ya mchanga kwa ajili ya Vallisneria.

Kwa matangi yote mawili, uduvi 10 hadi 15 ni mwanzo mzuri, bila samaki, na mimea inayozidi ianikwe mpaka ikauke, isitupwe mtoni wala kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Limebaki suala la wapangaji, ambalo ni nadra kuzungumzwa ingawa wengi wetu mjini tumepanga. Tangi la mchanga huhamishika: unatoa maji mpaka yabaki kidogo, unawaweka uduvi kwenye ndoo pamoja na sponji yao yenye maji, unalipakia kwenye bajaji, na jioni linawaka nyumba mpya. Tangi la udongo likitikiswa katika barabara ya vumbi, tabaka za chini huchanganyika, amonia na gesi zilizofungiwa udongoni hupanda, na unachokishusha ni tope. Mwenye mkataba wa miezi 6 aweke mchanga.